Kupima Pango Chini ya Kiwanja cha Atupele

Tangu nirudi Tanga, kila ninayekutana naye ananiuliza: ilikuwaje hata safari ya kwenda kupima kipango kidogo cha mlimani ikala likizo nzima? Nimejaribu kujibu barazani, na kila mara nimekatizwa kabla sijafika penye maana. Naandika basi, kila mtu asome kwa wakati wake. Asiyewahi kuingia pangoni asiwe na wasiwasi, nitaeleza taratibu. Mahali ambapo mimi mwenyewe sikuelewa, nitasema sikuelewa, na mahali hapo ni pengi.

Tanga hadi Uyole

Tulikuwa wawili, mimi na Hatibu. Wote walimu. Likizo zetu huwa tunapima mapango ya chokaa huku kwetu: mimi nasoma dira, yeye anachora. Aliyetuita kusini ni Lusajo, niliyesoma naye chuo cha ualimu kabla hajaacha chaki akashika usukani wa lori.

Ombi lake lilikuwa hili. Yeye na mkewe Atupele walitaka kujenga nyumba katika shamba la baba yake huko Lupepo, wilayani Rungwe. Matofali walikwishachoma. Lakini mgongo wa mlima uliopo nyuma ya shamba una mapango madogo, na moja lina midomo miwili, mmoja juu mgongoni, mwingine chini kwenye kijito. Kiwanja kiko katikati ya midomo hiyo. Mzee alikuwa akisema kwamba ardhi ya pale hulia ng'ombe wakipita, na kwamba hatakubali wajukuu zake walale juu ya tundu. Pango lipimwe. Likipita pembeni, wajenge. Likipita chini ya kiwanja, wasahau, maana sehemu nyingine yote ya shamba ni migomba, makaburi au mteremko. Wakati huo Lusajo, mkewe na watoto wao walikuwa wanaishi katika chumba kimoja kilichoungana na jiko.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anarudi kwao Makambako. Aliangalia kamba zetu, kofia zetu za taa, akashindwa kunyamaza.

"Mnachimba madini?"

"Hapana, mama. Tunakwenda kupima pango."

"Mjerumani aliacha kitu humo?"

"Hakuna kitu, mama. Tunapima tu."

"Mkishapima?"

"Tunachora."

"Mkishachora?"

Hatibu akadakia kutoka kiti cha nyuma: "Tunarudi nyumbani."

Mama akafungua kikapu chake akatupa viazi vya kuchemsha vyote alivyokuwa navyo, kama mtu anayetoa sadaka kwa wagonjwa. Vilitufaa sana, kwa sababu kule Kitonga lori lilikuwa limelala katikati ya mlima na tukakaa nyuma yake mpaka jua likaanza kushuka.

Uyole hadi Bagamoyo

Tulipofika Uyole, nje kidogo ya Mbeya, Lusajo alipiga simu: "Njooni moja kwa moja Bagamoyo, nawasubiri hapo."

Nilimwambia Hatibu kwamba rafiki yetu amepotea, kwa sababu njia panda ya Bagamoyo tuliiacha zamani, kule Pwani. Nikampigia tena kumweleza kwa upole jinsi ya kutufikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mstaarabu yule, ndipo akasema kwamba mji wao wa Tukuyu nao una Bagamoyo yake, na Msasani yake pia, nisije nikashtuka.

Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mji niliuona kwa vipande: bati, mgomba, mwanamke na ndoo ya maparachichi, bati tena. Lusajo tulimkuta kwenye duka la mshona kofia ambaye babu yake alitoka Pangani. Mshonaji huyo alituuliza habari za Pangani kama aliyeondoka jana, akataja hata mkunazi ulio nyuma ya msikiti. Nilipomuuliza alikwenda lini mara ya mwisho, akasema hajawahi kufika. Alitukirimu vitumbua vya moto, tukaondoka na lori la Lusajo tukiwa na baridi nje na joto ndani.

Kupanda Lupepo

Baba yake Lusajo anaitwa Mzee Ambakisye. Ni mrefu, mkavu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alitupokea kwa mikono miwili. Tuliletewa mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zikalegea, na maziwa ya mgando. Hatibu aliongeza mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa.

Jioni ile niliona mambo mawili ambayo sikuyaelewa. La kwanza, kila Mzee alipokaribia kona ya nyumba, alikohoa kwa nguvu. Nilidhani ana kifua, na Hatibu akampa kipande cha tangawizi, akakipokea kwa mshangao. La pili, shemeji Atupele alikuwa mchangamfu mno tukiwa naye, anatutania jinsi tunavyotetemeka, halafu ghafla hayupo. Sufuria ipo, mwiko upo, yeye hayupo. Nikafikiri labda wamegombana na mkwewe kuhusu kiwanja. Nikaona si jambo la mgeni kuuliza.

Kesho yake asubuhi Lusajo aliitwa kupeleka mzigo Kyela.

"Nitachelewa kidogo," alisema. "Atupele atawashikia taa. Ana macho kuliko mimi, na nyumba anaitaka kuliko mimi."

Mdomo wa juu

Hapa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hamtaona kilichotupata.

Anayeshika taa hutangulia pangoni, akiburuta ncha ya utepe wa kupimia, mpaka mahali ambapo bado naweza kuona mwanga wake. Anafunga ncha kwenye jiwe, anasimama hapo hapo. Mimi nyuma naielekeza dira kwenye mwanga wake na kusoma upande. Hatibu anasoma urefu kwenye utepe na kuchora. Kisha tunasogea alipokuwa amesimama, naye anatangulia tena. Tukitokea mdomo wa pili, tunapanda kurudi tulikoanzia kwa juu ya ardhi, tukipima vilevile. Mkipima vizuri, mstari wenu kwenye karatasi unazunguka na kurudi ulikoanza. Tunasema pango limefunga. Usiporudi, kuna kosa mahali, na hujui ni wapi.

Pango lenyewe ni jembamba, la mwamba mweusi uliotokana na moto wa mlima. Kuna mahali unatembea umeinama na mahali unatambaa. Atupele alijifunza upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Alijifunga kanga kiunoni, akatangulia akiimba kwa sauti ndogo.

Katikati ya pango, kwenye kona, mwanga wake ulizimika. Nikasubiri. Ukawaka tena, chini kidogo na kushoto.

"Uko salama, shemeji?"

Sikusikia jibu, maji yalikuwa yanadondoka. Nikasoma dira, tukaendelea. Tulipomfikia nilimuuliza, "Uliisogeza taa yako?"

"Hapana, mwalimu. Sikuisogeza."

Alikuwa anasema kweli. Kumbukeni hilo.

Mchana, mezani, mstari wetu haukufunga. Pengo lililobaki lingeingiza zizi zima. Na kadiri Hatibu alivyochora, pango lilipita katikati kabisa ya kiwanja. Sikujua kwamba Atupele amesimama nyuma yangu na sahani ya kande mpaka kidole chake kilipogusa karatasi.

"Hapa ndipo chumba cha watoto," alisema.

"Hii bado, shemeji. Mara ya kwanza huwa hivi. Tutarudia."

"Sawa, mwalimu. Kuleni kabla hakijapoa."

Mdomo wa juu, tena

Nilishuku mwamba. Mawe ya moto huwa na chuma ndani, na chuma huvuta sindano ya dira. Kwenye chokaa yetu hatuna tabu hiyo, kwa hiyo nilijiona mjanja kwa kuikumbuka. Nikaizungusha dira kwenye kila jiwe la mdomoni. Sindano haikujali. Nikamshuku Hatibu. Akavua mkanda, akatoa funguo, akaacha kalamu ya bati, akaingia pangoni ameshika suruali kwa mkono mmoja.

Tukapima upya. Kwenye kona ile ile mwanga ulizimika, ukawaka tena, safari hii kushoto zaidi. Nikauliza swali langu lile lile na Atupele akanipa jibu lake lile lile. Mezani, pango likaangukia upande mwingine kabisa, chini ya migomba, mbali na kiwanja. Na halikufunga.

"Sasa tuna mapango mawili," alisema Hatibu. "Labda linatembea."

Mzee Ambakisye alikuwa mlangoni. "Linatembea? Tangu nizaliwe halijatembea." Akaja akaziangalia karatasi mbili. "Sasa, wanangu, chini ya kiwanja lipo au halipo?"

"Mzee, kwa sasa... lipo na halipo."

"Nyumba haijengwi juu ya lipo na halipo." Hakusema kwa hasira. "Jumapili baada ya ibada ndugu zangu watakaa hapa. Nimewaahidi jibu. Likikosekana, nitapanda maparachichi pale, ili watu waache kukitamani. Matofali nitamsaidia Lusajo kuyauza."

Nyuma ya ukuta wa jiko kitu kilianguka, kama kifuniko cha sufuria. Hatibu alinitazama.  Nimefundisha kusoma dira miaka mingi, na sasa dira, utepe, macho yangu na shemeji yangu wote walikuwa wananiambia kweli, na jumla yake ilikuwa uongo.

Mpaka kwenye kona

Mara ya tatu niliamua kutoamini mwanga peke yake. Kila kituo ningefuata utepe kwa mkono mpaka kwenye jiwe, niguse ncha, ndipo nirudi kusoma.

Tukafika kwenye kona. Mwanga ukazimika. Ukawaka kushoto. Nikamwachia Hatibu dira, nikatambaa nikiufuata utepe, na utepe ukanipeleka kulia.

Ncha ilikuwa imefungwa vizuri kwenye jiwe, pale inapotakiwa. Lakini hapakuwa na mtu wala taa. Nikamulika, nikamwona Atupele amejibana kwenye ufa wa mwamba, amegeukia ukuta, kanga kichwani mpaka puani.

"Shemeji! Kuna nini?"

"Zima taa," alinong'ona. "Baba yuko hapo."

"Baba gani?"

"Baba yake Lusajo."

Nikageuka. Chini kushoto, kwenye njia inayotoka mdomo wa kijitoni, Mzee Ambakisye alikuwa amekaa juu ya jiwe, ametupa mgongo, tochi yake imemulika darini. Huo ndio mwanga niliokuwa ninausoma. Urefu tuliupima mpaka kwa Atupele, upande tukausoma mpaka kwa mkwewe.

"Amekukosea nini?" nilimuuliza Atupele.

"Jamani, mwalimu! Hajanikosea kitu. Ni baba mkwe wangu." Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Mzee akapaza sauti, bado ametupa mgongo. "Mwalimu! Mwambie huyo aliyepo hapo kwamba nilikohoa."

"Amekusikia, Mzee, yuko hapa hapa..."

"Mwambie!"

"Shemeji, Mzee anasema alikohoa."

"Mwambie nilisikia, ndiyo maana nikazima taa nikapisha."

"Mzee, anasema kwamba..."

"Nimesikia."

Hapo Hatibu alikuwa amefika, suruali mkononi, na polepole, kwa zamu, sauti moja kutoka kwenye ufa na nyingine kutoka kwenye jiwe, wakatueleza. Kwa Wanyakyusa wanaoshika desturi, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawapishani njia moja. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo huwachosha wote wawili. Mzee hukohoa ili mkamwana apate nafasi ya kupisha. Mkamwana hupisha haraka ili Mzee asiaibike.

"Lakini Mzee, kwa nini unaingia humu?"

"Ninyi ni wageni wangu. Mwamba ukiwaangukia, mama zenu nitawaambia nini? Kila mkiingia nami naingia kwa chini, nakaa, nasikiliza kama bado mnaongea, na mkianza kusogea natoka."

"Na kwa nini hamkutuambia hii desturi?"

"Kwani kwenu mkamwana anamwangalia baba mkwe usoni?"

"Mzee, kwetu anakaa naye mkekani, wanakula wote."

"Yesu wangu!" Ufa na jiwe vilisema kwa pamoja.

Mzee alitoka, akakubali kutusikiliza akiwa nje kwenye kijito, tochi imezimwa. Tukapima upya kuanzia mwanzo, ndani na juu. Mezani Hatibu alichora bila kupumua. Mstari ulizunguka, ukarudi, ukagusa ulikoanzia.

Kiwanja

Pango halipiti katikati ya kiwanja wala chini ya migomba. Linakata pembe moja tu, ile ya chini. Nyumba ikisogezwa juu kidogo kuelekea mgongo wa mlima, inakaa kwenye ardhi imara. Nilikimbia na karatasi mpaka jikoni.

"Shemeji, jenga! Sogeza tu juu, basi."

Aliangalia kwa makini. "Kumbe ni juu."

"Juu! Imara kabisa."

"Ndaga fijo, mwalimu," alisema, ambayo kwao ni asante sana, akarudi kumenya ndizi kwa sura ya mtu aliyepewa pole.

Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa pangoni. Lusajo, aliyekuwa amerudi kutoka Kyela, alitucheka mpaka machozi kwa habari ya taa. "Nilidhani mnajua!" Lakini nilipomweleza kuhusu kusogeza nyumba, kicheko kikaisha. Akaniita nje akanionyesha. Juu ya kiwanja, kando kabisa ya pale nilipotaka mlango uwe, ilipita njia ya Mzee ya kwenda kwa ng'ombe. Asubuhi anapita, mchana anapita, jioni anapita.

Atupele alikuwa ametufuata, akamalizia mwenyewe. "Nikifagia, nikimbie. Nikianika nguo, nikimbie. Mtoto akilia nje, nisubiri kwanza apite. Hapa tulipo walau jiko liko nyuma. Kule nitaishi kama mwizi nyumbani kwangu."

"Na ukimwomba apite kwingine?" aliuliza Hatibu.

"Nimwombe kwa mdomo upi?"

"Na mimi siwezi," alisema Lusajo. "Njia ile aliitengeneza babu yangu. Nimwambie baba ahame njia ya baba yake kwa ajili ya mke wangu?"

Jumapili ndugu walikaa uani. Nilitandika ramani kwenye meza, nikaeleza taratibu: mdomo wa juu, kona, kijito, pembe ya chini, ardhi imara. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ni Mzee Ambakisye peke yake aliyebaki ameinamia karatasi.

"Umechora pango, kiwanja na kijito," alisema. "Njia yangu iko wapi?"

Sikuwa nimeichora. Hatibu akachukua kalamu, akaipitisha njia mahali pake, ikasugua ukuta wa nyumba ambayo bado haijajengwa. Mzee aliifuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Asanteni, wanangu. Mmefanya kazi."

 Hakuruhusu wala hakukataza. Ndugu walikula, wakaaga, nasi hatukujua tumefaulu au tumeshindwa.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na panga. Mzee alikuwa kwenye migomba yake upande wa chini, anaiangusha mmoja baada ya mwingine, anafungua njia inayozunguka shamba zima na kuvuka kijito kabla ya kupanda kwa ng'ombe. Lusajo alitoka mbio.

"Baba, niachie mimi."

"Wewe kachimbe msingi wako."

"Mzee," nilisema, "njia hii ni ndefu mno."

"Ng'ombe hawana haraka. Nami siku hizi sina pa kuwahi." Akanyoosha mgongo, akapaza sauti ingawa nilikuwa karibu naye. "Mwambie huyo wa jikoni, ile ya juu naifunga kwa miiba. Mimi sitapita tena."

Kabla sijageuka, jiko likajibu. "Mwambie hiyo migomba ilikuwa karibu kuzaa!"

"Mwambie mgomba huota tena."

Nikasimama katikati nikisubiri neno la kupeleka jikoni au la kurudisha. Halikuja. Mzee akaendelea kushuka na panga lake mpaka sauti ikawa ndogo.

Safari ya kurudi sina la kusimulia, nililala mpaka Chalinze. Naishia pale kwenye kiwanja, lori la dereva mwenzake Lusajo likiwa limewashwa kutupeleka Uyole na Lusajo akiwa anapigilia vigingi vya mwisho vya msingi. Alimuuliza mkewe mlango autazamishe wapi. Atupele aliruka miiba, akasimama katikati ya njia ya babu, mchana kweupe, mikono kiunoni. Hakuwa amesimama hapo tangu aolewe. Akatazama juu mgongoni, akatazama chini bondeni, akakaa hapo mpaka dereva wetu akaanza kukereka.

"Huku," alisema. "Mlango utazame huku niliko."

"Huko kuna upepo wa mlima," alisema Lusajo.

"Najua. Pigilia."